Hamu ya kuandika riwaya huja ukishaanza kuandika
Waandishi chipukizi wengi hapa Kampala wameaminishwa kwamba mwandishi wa kweli husubiri ilhamu. Basi mpango wa riwaya unakamilika, wahusika wana majina, sura zimepangwa, kisha daftari linalala kabatini miezi kadhaa.

Si kweli, na imani hiyo inazima vipaji. Anthony Trollope, Mwingereza aliyefanya kazi posta, alikaa mezani saa 11:30 alfajiri, saa ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Aliacha riwaya 47. Wewe hata 300 kwa siku yanatosha: baada ya siku 200 una 60,000.

Tatizo ni kwamba mpango hukata kiu. Ukishajua mwisho, utamu hupungua. Sura ya kwanza ikikushinda, anza na tukio unalolitamani. Kwa mfano: boda inasimama Kikuubo, mtaa wa maduka, abiria anashuka, anakuta duka la babake lina kufuli jipya. Kata hapohapo, kesho ukute pa kuendelea.

Ukikosa wa kukusukuma, FEMRITE, chama cha waandishi wanawake wa Uganda, pale Kamwokya wana desturi ya kukutana Jumatatu na kusomeana kazi. Nenda na kurasa tatu, hata zikiwa mbichi.