Maana ya "dakika 60" katika jengo la chuma, na tetemeko linavyozipunguza

Mwenye ghala la chuma pale Maruhubi akiambiwa nguzo zake ni "za dakika 60", asidhani ameahidiwa saa nzima ya usalama siku ya moto. Maana yake ni kwamba nguzo ya namna ile, ikiwa na kinga yake, ilitiwa kwenye tanuri la majaribio ikaendelea kubeba mzigo kwa saa moja, huku joto likipanda hadi kama nyuzijoto 945 za Selsiasi. Huo ndio ustahimilivu wa moto.

Chuma hakiwaki kama boriti za mikoko za Mji Mkongwe, ila hulainika. Boriti nene huungua nje kwanza, na lile kaa likaukinga moyo wake kwa muda. Chuma hupitisha joto upesi. Kikifika nyuzijoto 600 hubakiwa na takriban nusu ya nguvu zake, na bado kiko mbali sana na kuyeyuka. Ndiyo maana hupuliziwa plasta maalumu, huvishwa bodi za jipsamu, au hupakwa rangi inayovimba ikipata moto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile dakika ni za kifuniko, si za chuma chenyewe.

Sasa tetemeko lipite. Jengo la chuma lililosanifiwa vizuri hupinda bila kukatika, na watu wakiliona limesimama husema limesalimika. Lakini linapopinda zaidi ni kwenye maungio ya mihimili na nguzo, na hapo hapo plasta hupasuka ikaanguka. Nguzo iliyobaki imeinama, mzigo wa juu unazidi kuisukuma upande, hivyo joto dogo zaidi linatosha kuiangusha. Mabomba ya maji ya kuzimia moto huenda yamevunjika. Na moto wenyewe hautafutwi mbali: waya zimekatika, mitungi ya gesi imeanguka. San Francisco mwaka 1906, moto uliteketeza zaidi ya kile kilichobomolewa na mtikisiko. Tokyo na Yokohama mwaka 1923 walikufa watu wapatao 100,000, wengi wao kwa moto.

Sisi si Japani, ingawa tetemeko la Agosti 2020 kwenye bahari ya Tanzania, lenye ukubwa wa karibu 6, liliwatoa watu mbio majumbani Dar es Salaam. Baada ya mtikisiko wa maana, mhandisi asiishie kutazama nyufa za ukuta. Afungue dari, atazame maungio: palipobaki chuma kitupu, kile cheti cha dakika 60 hakina kazi mpaka kinga irudishwe.