Matundu 3 kwenye karatasi, na dhana nyingine za wanaojijazia risasi

Jumamosi moja mwezi wa tisa, kijana wa meza ya jirani kwenye uwanja wa shabaha alirudi na karatasi yake ya shabaha akaniwekea mbele ya macho. Matundu 3, kutoka yadi 100, yote yanafunikwa na kitufe cha koti. "Nimeipata," akasema. Alikuwa amekuja na vipimo 8 vya baruti, risasi 3 kwa kila kipimo, na hicho cha sita ndicho kilichomchekea. Akakiandika kwenye kifuniko cha boksi kwa kalamu nene, akafungasha vitu vyake. Sikumkatisha. Na mimi ninalo boksi kama hilo nyumbani, lina maandishi kama hayo, na uongo kama huo.

Niko Minnesota, Marekani, ambako kukuta mashine ya kujazia risasi chini ya nyumba ni kama kwetu kukuta cherehani ukumbini. Sheria ya Marekani haimdai leseni mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Leseni inadaiwa akitaka kuuza. Msomaji wa Dodoma au Nakuru asilichukue hili kama ruhusa. Tanzania na Kenya kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na kazi hiyo ina wenyewe: Shirika la Mzinga pale Morogoro, na kiwanda cha Eldoret.

Kwa asiyeijua kazi, risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba ya njano, fataki kitakoni, baruti tumboni, kichwa mdomoni. Kinachobaki baada ya mlio ni ganda. Unalirudisha umbo ndani ya kalibu, unalitia fataki mpya, unapima baruti, unakandamiza kichwa. Hapo hakuna uchawi. Uchawi tunauleta wenyewe pale tunapotaka macho yapime vitu ambavyo hayawezi kupima.

"Matundu 3 yamekaribiana, basi kipimo nimekipata"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Bunduki, hata iwe nzuri vipi, hutawanya risasi kidogo, na mtawanyiko huo hauna ratiba. Ukipiga 3 tu, unachungulia chumba kizima kupitia tundu la ufunguo. Hesabu yake inajulikana: bunduki ile ile, risasi zile zile, kundi la matundu 10 kwa wastani huwa na upana kama mara 1.6 ya kundi la matundu 3. Kwa hiyo anayesema "bunduki yangu inapiga inchi moja" baada ya risasi 3, mwambie apige 10 na ategemee zaidi ya inchi moja na nusu. Bunduki itakuwa haijaharibika. Itakuwa imeanza kusema ukweli.

Lakini wastani si tatizo kubwa kama kuyumba. Msimu wa baridi mmoja nilijaza risasi 30 za .308, aina ya risasi ya bunduki ya kuwindia, zinazofanana kwa kila kitu: maganda ya kundi moja, fataki za boksi moja, baruti iliyopimwa moja moja kwenye mizani. Nikazipiga kwenye karatasi 10, risasi 3 kila karatasi, nikipumzisha mtutu upoe. Karatasi bora ilikuwa nusu inchi. Mbaya kuliko zote ilikuwa inchi moja na robo tatu. Laiti ningeandika juu ya kila karatasi kipimo tofauti cha baruti, ningeapa kwa jina la marehemu babu kwamba kile cha nusu inchi ndicho dawa, na kile kingine sumu. Na vyote vilikuwa kipimo kimoja.

Kuna pia ile njia iitwayo ngazi ya Audette, ya kupanda kipimo kidogo kidogo, risasi moja kwa kila hatua, kisha kutafuta pale ambapo matundu matatu manne yamekaa kimo kimoja. Karatasi huwa nzuri kuitazama. Ila kila kidato cha ngazi hiyo ni risasi moja tu. Rudia wiki ijayo, uone kama kile kidato tambarare hakijahamia kwingine. Changu kilihama mara mbili, nikaiacha.

Siku hizi nafanya hivi: vipimo 2 au 3 tu, vyote ndani ya mipaka ya kitabu cha vipimo vya baruti, kila kimoja risasi 10 au zaidi. Nikizigawa kwa siku mbili, nazibandika karatasi zote mbili dirishani, moja juu ya nyingine, alama ya katikati juu ya alama ya katikati, jua lipite kwenye matundu. Pale kwenye kioo ndipo unapoona bunduki yako inavyotawanya. Mara nyingi nagundua kwamba vipimo vyote viwili ni sawasawa, na kwamba ningebadilisha kichwa cha risasi ningepata tofauti kubwa kuliko kuhangaika na sehemu ya kumi ya greni, kizio kidogo tunachopimia uzito wa baruti. Sehemu hiyo, kwa taarifa yako, ni miligramu 6 na nusu, na kwenye .308 inabadilisha kasi kwa kama futi 5 kwa sekunde. Paa hatazihisi.

"Fataki haijabapa, basi presha iko sawa"

Presha ya juu inayokubalika kwa .308 Winchester katika viwango vya Marekani ni psi 62,000, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari lako lina 32 au 35. Kitu cha namna hiyo kinatokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ndani ya chuma, halafu mtu anaokota ganda, analigeuza kwenye mwanga, anasema "iko sawa".

Fataki hubapa kwa sababu nyingi. Nyingine zina kikombe laini. Ganda likiwa na nafasi ya kurudi nyuma ndani ya chemba, kile chumba cha mtutu kinachoshika risasi, fataki hutoka kidogo kisha hugongwa na kubapa, hata kwa presha ya kawaida. Na nyingine ni ngumu, hazionyeshi kitu mpaka mambo yameharibika. Bolti, komeo la bunduki, inayogoma kufunguka na alama inayong'aa kwenye kitako cha ganda si onyo la mapema. Vikitokea, kwa kawaida mpaka ulishavukwa zamani. Viwandani presha inapimwa kwa kihisio kilichowekwa kwenye chemba, sisi hatuna.

Tulicho nacho ni kipima kasi, na hicho walau kina adabu. Kitabu kikisema kipimo cha juu kinatoa kasi fulani, na wewe kwa mtutu wa urefu ule ule unapata zaidi, usishangilie. Kasi ya bure haipo. Kuna presha iliyoilipia.

Kosa dogo linalozaa presha hiyo: maganda ya jeshi ya 7.62, ndugu wa .308, mara nyingi yana kuta nene kuliko ya dukani. Nje ni pacha, ndani nafasi imepungua. Baruti ile ile, chumba kidogo, presha juu.

"Ilikuwa salama Februari, itakuwa salama Agosti"

Huku Minnesota Februari unaweza kulenga shabaha kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na Agosti kwenye 32. Baruti nyingi hutoa presha zaidi zikipata joto. Zipo zilizotengenezwa ziyumbe kidogo, lakini kidogo si sifuri. Boksi lililokaa nyuma ya kioo cha gari juani si boksi lile ulilolijaribu asubuhi, wala risasi iliyosahauliwa dakika 5 kwenye chemba yenye moto.

Waingereza walilijua hili kwa sababu ya Afrika na India. Baruti yao ya kodaiti ilichachamaa kwenye joto, na ganda likinasa chembani mbele ya nyati aliyejeruhiwa, hadithi yako itasimuliwa na wengine. Ndiyo maana .416 Rigby ya mwaka 1911 ina ganda kubwa hivyo: baruti ipate nafasi na presha ibaki chini. Viwango vya Ulaya mpaka leo vinaipa presha ya juu ya bari 3,250, wakati .308 inapewa 4,150. Watu wanaiona ile chupa nono wanadhani ni ubabe. Ni tahadhari ya jua.

Na kwa kuwa tumefika nyikani: wanaodhani kasi ndiyo kila kitu wamkumbuke Bell, yule Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliangusha tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 isiyo na kasi ya kutisha. Alijua ubongo wa tembo umekaa wapi.

"Nikipunguza baruti nitakuwa salama"

Mpaka kiwango cha chini cha kitabu, ndiyo. Chini ya hapo, hapana. Baruti ikiwa haba, au ganda likisahauliwa bila baruti kabisa, fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa kikanasa ndani ya mtutu. Unasikia "puf" badala ya mlio. Mwenye haraka anavuta bolti, anaingiza nyingine, anafyatua, na mtutu unapasuka. Ukisikia "puf", simama. Toa bolti, angalia mtutuni kwa tochi ukitokea upande wa chemba.

Kabla ya kukandamiza vichwa mimi huweka maganda yote 50 kwenye kibao chenye matundu, nikamulika tochi mdomo kwa mdomo. Baruti zote zinapaswa kuwa kimo kimoja. Dakika moja tu. Imeniokoa mara moja: la 37 lilikuwa tupu.

"Namba ni ile ile, baruti ni ile ile"

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya ziada ya jeshi akawauzia wajazaji. Biashara ikakua, na leo rafuni kuna baruti za nembo mbili, IMR 4895 na H4895, kuna IMR 4831 na H4831. Namba zinalingana, uchomaji haulingani, na kipimo cha moja si kipimo cha nyingine. Kuzitambua kwa macho usijaribu. Zote ni vijiti vidogo vya kijivu kama majani ya chai ya ajabu.

Mzee mmoja jirani yangu alinunua mnadani kopo lenye lebo iliyochanika nusu. Mimi nikaona bahati. Yeye akalifungua, akaenda nalo nje, akainyunyiza yote kwenye nyasi kama mbolea. "Majani yatakuwa mazuri," akasema, akarudisha kopo tupu.

"Baruti ifungiwe kwenye sefu nzito ya chuma"

Baruti isiyo na moshi, ikiwa wazi, huungua, haipasuki. Ifungie ndani ya chuma kizito kisichopumua, kisha moto uje, hapo umetengeneza bomu. Kanuni za zimamoto za Marekani zinataka ibaki kwenye kopo lake la kiwandani, ambalo limeundwa liachie mapema, na ikizidi pauni 20 nyumbani, iwekwe kwenye kabati la mbao zenye unene wa inchi moja. Mbao, ndiyo. Kufuli la kuzuia watoto weka.

"Nitaokoa hela"

Utapiga zaidi. Muulize mama watoto.

"Risasi ina madhara pale tu inapofyatuliwa"

Hili silitanii. Fataki nyingi zina mchanganyiko wa risasi, yaani ile metali yenyewe, na masizi yake hubaki ndani ya ganda. Ukiyasafisha maganda makavu kwenye mashine ya kuzungusha, kisha ukayamwaga kwenye chekeche, lile vumbi laini linaloruka kwenye mwanga wa balbu ndilo unalovuta. Halina harufu. Linakaa kwenye mikono ya sweta, kwenye zulia, kwenye kiganja kinachompakata mtoto.

Mimi nilihamia kusafisha kwa maji. Maji yenyewe huwa meusi kama wino wa pweza, na simwagi kwenye sinki la vyombo. Sweta ya kazi inakaa kwenye msumari wake kule chini, mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kupanda ngazi, na kikombe cha chai hakishuki kule hata kama kuna baridi.