Vidonge vya damu, chumvi ya pwani na ukubwa wa mtoto

Wapo akina mama wa Mtwara na Lindi wanaopokea vidonge vya damu kliniki, yaani FEFO, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, kisha wakavifungia kabatini kwa kuamini kwamba vitamnenepesha mtoto tumboni hadi ashindwe kupita, na mama aishie kupasuliwa. Kwa maoni yangu, hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote, kwa sababu inamnyima mtoto kinga kwa jina la kumlinda.

Ukweli ni kwamba madini ya chuma hutumika kutengeneza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni, na mama anapopungukiwa damu ndipo inapoongezeka hatari ya kujifungua kabla ya wakati au kupata mtoto asiyefikia kilo 2.5. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba watoto wa mama waliotumia madini hayo waliwazidi wenzao kwa wastani wa gramu 41 hivi, ambazo ni sawa na ukufi wa korosho zilizobanguliwa. Sidhani kama kuna nyonga inayozibwa na ukufi wa korosho. Mtoto mkubwa kupita kiasi huwa na sababu nyingine, hasa kisukari cha mama, unene wa kupindukia au mimba iliyopitiliza siku zake. Choo cheusi kinachowatisha wengi wanaomeza vidonge hivi ni chuma kilichobaki bila kufyonzwa.

Wengine hukosea upande wa pili, wakidhani kwamba vidonge vya ujauzito peke yake vitamfanya mtoto awe mrefu. Tafiti zilizowafuatilia watoto ambao mama zao walipewa mchanganyiko wa vitamini na madini hazikuona tofauti ya kudumu ya kimo, ingawa walikuwa wamezaliwa na uzito bora zaidi. Zinki nayo haikuonekana kuongeza uzito wa kuzaliwa. Kimo cha baadaye hutegemea pia kunyonya, chakula cha nyongeza na maradhi ya utotoni.

Dhana ya tatu ni ya watu wa pwani hasa: kwamba chumvi inayovunwa kwenye mashamba yetu ya chumvi, kwa kuwa imetoka baharini, tayari ina madini joto. Maji ya bahari yana madini hayo kwa kiasi kidogo sana, na chumvi inayobaki baada ya kukaushwa juani haiwezi kumtosheleza mjamzito isipoongezewa kiwandani au na mvunaji mwenyewe. Upungufu mkubwa wakati wa ujauzito huharibu ubongo wa mtoto na kudumaza mwili wake, kwa hiyo inafaa kununua chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto na kuihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na unyevu.

Pemba, ule udongo unaotafunwa na wajawazito, hauongezi damu. Huzuia chuma kufyonzwa. Chai nayo huzuia, hivyo kidonge kimezwe kwa maji, na msimu wa korosho ukifika, bibo, yaani tunda la mkorosho, likifuata baada yake litasaidia kwa vitamini C iliyomo.