Kitambaa cha karo: yanayosemwa sokoni na ukweli wake

Katika soko liitwalo Kenya hapa Lubumbashi, muuzaji hafungui jora la karo, yaani kitambaa cha miraba, bila maneno. Kuna ya kweli, na kuna haya.

"Karo zote zimetoka Uskoti." Hapana. Ya Uskoti ni tartani, yenye rangi kadhaa na mistari minene kwa myembamba, na kwa kawaida mpangilio wa nyuzi za mtande (za urefu) hurudiwa vilevile katika mshindio (nyuzi za upana). Vichy, ile ya vitambaa vya meza, ni rangi moja na nyeupe tu. Itazame kwa karibu: kuna miraba ya rangi kamili, miraba myeupe, na ile ya katikati iliyofifia, ambako uzi mweupe umepishana na wa rangi. Madras nayo ni ya India, ikaitwa hivyo kwa mji ambao leo ni Chennai. Zamani madras ilitiwa rangi za mimea na ilichuja ikifuliwa. Marekani katika miaka ya 1960 watu waliipenda kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo hata lile la kusema kitambaa kinachochuja lazima kiwe feki halisimami.

Jambo la pledi huwachanganya wengi. Wamarekani huita hivyo karo yenyewe, lakini kwa Waskoti ni shuka kubwa la kujitanda begani. Sisi tuliozoea Kifaransa, pledi ni blanketi la kwenye kochi, na hapo tuko karibu na Waskoti kuliko Wamarekani.

Wengine wanaamini kila ukoo wa Uskoti ulikuwa na tartani yake tangu kale. Kilichotokea ni kwamba baada ya waasi wa Uskoti kushindwa na jeshi la serikali ya Uingereza katika vita vya Culloden, mwaka 1746, sheria iliwakataza wanaume wa nyanda za juu kuvaa mavazi yao, ikafutwa mwaka 1782. Desturi ya ukoo huu na rangi hizi ilishika kasi baadaye, hasa baada ya Mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822. Kwa wanaosema karo ni ya wageni na wax, yaani kitenge, ndiyo yetu: Vlisco, kampuni maarufu ya wax, ilianzishwa Uholanzi mwaka 1846.

Sasa linalogusa mfuko. "Karo ni karo, iwe ya kufumwa au ya kuchapwa." Hili si kweli hata kidogo. Geuza kitambaa: kilichofumwa kwa nyuzi zilizotiwa rangi kinafanana pande zote mbili, cha kuchapwa mara nyingi kimefifia nyuma. Kama bado una shaka, chomoa uzi mmoja pembeni. Wa kufumwa una rangi moja toka mwanzo hadi mwisho. Wa kuchapwa una madoa ya rangi mbili tatu. Tena miraba ya kuchapwa huweza kwenda upande, isifuate nyuzi. Hapo fundi hana la kufanya: akikata kwa kufuata miraba, shati hujipinda baada ya kufuliwa, akifuata nyuzi, miraba inaonekana imelala.

Na fundi akiomba kitambaa zaidi, mama, usikimbilie kusema anaiba. Miraba inabidi ikutane ubavuni, kwenye vifungo na mfukoni. Mchoro ukijirudia kila sentimita 10, kila kipande kinaweza kusogezwa karibu sentimita 10 ili kilingane na mwenzake. Karo ndogo hazina shida hiyo. Lakini kama alichukua ziada na mfuko wa shati haulingani na kifua, muulize ilikokwenda.

Limebaki begi la karo la plastiki, linalobeba bidhaa kutoka mpakani Kasumbalesa na ambalo Watanzania huliita shangazi kaja. Jina lake la Nigeria, Ghana Must Go, huwafanya watu wadhani linatengenezwa Ghana. Jina lilitokana na mwaka 1983, serikali ya Nigeria ilipowafukuza wahamiaji wasio na vibali, wengi wao Waghana, wakaondoka na vitu vyao katika mabegi hayo.