Msuli unaong'aa kwenye altrasaundi si lazima uwe umejaa mafuta

Pakwa jeli baridi kwenye paja, mpimaji aguse kwa kichwa cha mashine, na skrini itaonyesha matabaka: ngozi, mafuta ya chini ya ngozi, msuli wenye vistari vyeupe, kisha mfupa unaong'aa kama waya. Picha hiyo hutokana na mwangwi wa sauti inayotumwa mwilini: panaporudisha mwangwi mkali huonekana peupe. Dhana nyingi potofu huzaliwa hapo hapo.

"Mafuta ni meupe kwenye altrasaundi." Tazama skrini tena: tabaka la mafuta chini ya ngozi ni jeusi-jeusi. Kinachong'aa ni mipaka. Sauti ikivuka kutoka kwenye nyuzi za msuli kuingia kwenye mafuta, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mafuta yakijipenyeza kati ya nyuzi, mipaka huwa mingi mno na msuli mzima hupauka. Ni kama maji na mafuta ya kupikia: kila kimoja peke yake unaona hadi upande wa pili. Yatie pamoja kwenye chupa uyatikise, yanakuwa meupe kama maziwa.

"Basi msuli uking'aa ni mafuta." Kovu ndani ya msuli linang'aa vilevile. Mwaka 1982 Heckmatt na wenzake wa London walichapisha madaraja manne ya kusoma misuli ya watoto wenye magonjwa ya misuli. Katika la nne, mwangwi wa msuli ni mkali kiasi kwamba mfupa haurudishi chochote. Kwa mtoto mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, mafuta na kovu vimechanganyika, na altrasaundi haiwezi kuvitenganisha. Hata uvimbe wa baada ya mazoezi mazito hung'arisha msuli kwa siku kadhaa. Anayetaka kiasi cha mafuta yenyewe aende kwenye MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, ambayo kwa mbinu iitwayo Dixon hutenga mafuta na maji.

"Namba haidanganyi." Hii ndiyo inayonikera zaidi. Programu hutoa wastani wa weupe, kuanzia 0 (nyeusi kabisa) hadi 255 (nyeupe kabisa). Ongeza mwangaza wa mashine, namba inapanda, na mguu ni uleule. Inamisha kichwa cha mashine kidogo, inashuka. Hila kubwa iko kwa mtu mnene: sauti hudhoofika ikipita kwenye mafuta ya chini ya ngozi, hivyo msuli wake huonekana mweusi, yaani "safi", kuliko ulivyo. Ndiyo maana watafiti husahihisha namba kwa unene wa tabaka hilo. Kulinganisha namba za mashine mbili tofauti ni kupima unga kwa vibaba viwili. Mtu yuleyule, mashine ileile, mpangilio uleule: hapo mabadiliko yana maana.

"Mwembamba hana mafuta kwenye misuli." Anaweza kuwa nayo, hasa akizeeka, akilala kitandani muda mrefu, au kano la bega likikatika na msuli wake kukaa bila kazi. Wala nyuzi hazigeuki mafuta; zinanyauka, mafuta yanachukua nafasi.

"Mafuta ndani ya msuli daima ni ugonjwa." Wakimbiaji wa mbio ndefu wana matone mengi ya mafuta ndani ya nyuzi zenyewe, na insulini yao, homoni inayodhibiti sukari mwilini, hufanya kazi vizuri. Matone hayo altrasaundi haiyaoni hata kidogo: kwa sauti ya megahazi 10 (mitetemo milioni kumi kwa sekunde), wimbi moja la sauti mwilini lina urefu wa takriban milimita 0.15, na tone ni dogo kuliko hapo kwa mbali.