Si kila kinyama kinachotoka ni bawasiri

Wagonjwa wengi wenye tatizo la puru kutoka nje hufika katika kliniki yetu ya upasuaji wakiwa wameshaambiwa kwamba wana bawasiri. Kosa hilo hufanyika kwa urahisi, kwa sababu mgonjwa husema kwa sauti ya chini, "Daktari, kuna kinyama kinatoka nikienda haja kubwa," na maneno hayo hayo husemwa kwa magonjwa yote mawili.

Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Misuli inayoishikilia ikilegea, ukuta wake wote hujikunja na kuteremka hadi nje, kama mkono wa shati unaovuliwa ukageuka ndani nje. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye tundu la haja kubwa. Utumbo wenyewe haujahama.

Mama mmoja mkulima, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60, alinijia na mfuko wa dawa za kupaka alizotumia kwa miaka miwili. Alikuwa amepimwa mara kadhaa akiwa amelala ubavu, na kila mara hapakuonekana kitu, kwani puru mara nyingi hurudi ndani mgonjwa akilala. Nilimwomba aende na muuguzi, achuchumae na ajikamue kama anayejisaidia. Baada ya dakika chache ilitoka, nyekundu, yenye ute, urefu wa kidole, na mikunjo yake ilikuwa duara ndani ya duara mfano wa kata ya kubebea ndoo. Mikunjo hiyo ndiyo jibu: katika bawasiri huonekana vinundu vilivyotenganishwa na mifereji inayotoka katikati kwenda pembeni, kama spoku za baiskeli. Nawasihi wenzangu wa vituo vya afya wasiandike cheti cha dawa kabla ya kumchuchumaza mgonjwa.

Kisha mimi humuuliza mgonjwa kama choo kinamtoka bila kujua au humfunga, hupima kwa kidole nguvu za msuli wa kubana, na huagiza utumbo mpana uchunguzwe kwa kamera, kwa kuwa uvimbe unaweza kuwa ndio unaoivuta puru. Kwa mtu mzima tiba ya kudumu ni upasuaji. Dawa ya kupaka hairudishi utumbo mahali pake.

Kwa watoto, hasa walio chini ya miaka 4, mambo ni tofauti. Chanzo mara nyingi ni kuhara, utapiamlo, minyoo ya mjeledi au choo kigumu, na wengi hupona bila kisu chanzo kikitibiwa. Hata hivyo, ikiwa kidole kinapenya kati ya kilichotoka na ukuta wa tundu, huenda ni utumbo ulioingia ndani ya utumbo mwingine, na hiyo ni dharura.

Puru isiyorudi, inayovimba au kubadilika kuwa nyeusi, ifunikwe kwa kitambaa safi chenye maji na mgonjwa afikishwe hospitali saa hiyo hiyo. Anayeona aibu kuchuchumaa mbele yetu anaweza kuipiga picha kwa simu yake nyumbani, na picha hiyo hunitosha kuanzia.