$SHELL si sheli ya mfumo

Dhana: "Skripti yangu ya kujenga programu inahitaji sheli ya mfumo, basi nasoma $SHELL."

Hapana. Sheli ni programu inayopokea na kuendesha amri; ya mfumo ni `sh`, inayotegemewa na skripti. Kosa la kuichanganya na $SHELL linarudi kuliko yote, hata kwa watu walioiva kazini. $SHELL ni kigeu kinachobeba sheli ya mtumiaji aliyeingia, ile aliyoichagua kwa kuandika amri kwa mkono. Anayetumia sheli ya fish ataona kitanzi chako cha `for … do … done` kikikataliwa. Wa tcsh mara nyingi atapata `Ambiguous output redirect` palipo na `2>&1`. Akaunti ya huduma inayojenga programu kwenye seva mara nyingi imewekewa `/usr/sbin/nologin`: inakataa na kutoka, kazi imeishia hapo. Cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, nayo huweka `/bin/sh`, kwa hiyo ujenzi wa usiku unapita, wa mchana kwa mkono unaanguka, na watu wanapoteza saa nyingi wakilaumu kompaila.

GNU Make, zana ya kujenga programu, huchukua vigeu vya mazingira karibu vyote, lakini kwenye Unix na Linux inakiacha SHELL kwa makusudi, na POSIX, kanuni ya pamoja ya mifumo ya aina ya Unix, inadai hivyo hivyo. Waliotunga kanuni walishaliona tatizo hili, fuateni.

Njia sahihi ni kuuliza mfumo wenyewe:

`sh=$(PATH=$(getconf PATH); command -v sh)`

Mabano ya nje yanazuia PATH mpya (orodha ya saraka za kutafutia amri) isivuje kwenye skripti nzima. Hakikisha jibu linaanza na `/`; kama sivyo, simamisha ujenzi hapo hapo. Kisha liandike kwenye faili wakati wa kusakinisha, mstari wa kwanza wa `zana.in` ukiwa `#!@SH@`:

`sed "1s|@SH@|$sh|" zana.in > zana && chmod +x zana`

Dhana: "/bin/sh inatosha popote."

Kwenye Linux na BSD za kawaida, sawa. Kwenye Solaris 10, `/bin/sh` ni sheli ya Bourne ya kale isiyoelewa hata `$( )`; ya POSIX iko `/usr/xpg4/bin/sh`. Huko, ukitumia Autoconf, zana inayotengeneza skripti ya configure ya kuandaa ujenzi, ipe `CONFIG_SHELL=/usr/xpg4/bin/sh` na uendeshe configure kwa sheli hiyo hiyo. Android huiweka `/system/bin/sh`.

Dhana: "sh ni bash tu."

Ubuntu iliiacha bash mwaka 2006 ikahamia sheli ya dash, Debian ikafuata na toleo la Squeeze mwaka 2011. Alpine hutumia ash ya BusyBox. Ukiandika `[[` au `source`, umeandika skripti ya bash, basi itafute bash, na usitegemee `/bin/bash`, maana FreeBSD huisakinisha `/usr/local/bin/bash`.

Dhana: "`which sh` ni sawa na `command -v sh`."

`which` haimo kwenye POSIX. Iacheni.

Dhana: "`#!/usr/bin/env sh -e` inamaliza yote."

Kwenye mstari wa `#!`, Linux hupitisha kila kinachofuata env kama hoja moja, hivyo env inatafuta programu iitwayo "sh -e" na kuikosa. Chaguo la `-S` lipo kwenye GNU coreutils kuanzia 8.30, si kila mahali. Andika `set -e` mstari wa pili.